Uwanja Ulikuwa Mtupu

Masaba, Busia (Uganda)
Jumamosi, 9 Machi 2024

Kwa mama Juliet Awor, Malaba.

Mimi ni Mangeni, miaka yangu sabini na tisa. Nimezika wake wawili na ndugu saba. Jineri, kiwanda cha kuchambua pamba kilichoniandika kazi, imekufa, mimi nipo. Jeshi lililonifundisha Kiswahili na kushika kalamu kidogo lilivunjwa, likaja lingine, nalo likavunjwa, mimi nipo. Mwaka wa themanini na nne nyoka aliniuma mguu katika muhogo. Nyoka alikufa. Nakuambia haya ujue unaandikiana na nani, kwa sababu barua yako imeniuliza kama mtu anauliza mtoto aliyevunja chungu.

Barbara wa samaki ndiye aliniletea. Alisema, "Mzee, kuna mama wa ofisi ya forodha Malaba, mjane wa yule rubani, anataka jibu la maandishi." Vizuri. Simu mimi sina na sitaki, maneno ya simu yanasikiwa na watu wa katikati. Wewe ni Mjopadhola, mimi Msamia, basi tukutane katika Kiswahili, na changu ni cha kambini, usicheke.

Kwanza pole kwa kufiwa. Pole sana.

Sasa unauliza niliona nini Jumamosi ile ya tarehe tatu mwezi wa pili, siku ndege ya mume wako ilianguka. Unasema ulinisikia kwenye redio nikisema rubani alikuwa anacheza, na pengine amelewa. Ndiyo, nilisema. Mimi sikatai maneno yangu.

Ule uwanja wa nyasi ni mimi naulinda, sasa mwaka wa thelathini na moja. Zamani ulikuwa wa jineri. Siku hizi zinatua ndege ndogo za watu wanaopima mawe ya dhahabu upande wa Tiira, na mara moja moja daktari wa macho. Kazi yangu ni kufyeka nyasi, kufunga kitambaa cha upepo kwenye mlingoti, na ndege ikikaribia nafukuza kila chenye miguu. Miaka thelathini na moja, mama, ndege haijagusa hata kuku. Uliza mtu yeyote Masaba ni nani mwenye jicho, watakuonyesha nyumba yangu. Kuna rubani mmoja Mzungu alisema uwanja wa Mangeni ni laini kuliko kitanda cha hoteli alikolala.

Siku hiyo nilijua tangu Alhamisi kwamba ndege itakuja saa tano kuchukua watu wawili wa mawe. Saa nne nilikuwa pale na bendera yangu. Uwanja ulikuwa mtupu. Ndege ikatoka upande wa Tororo, nikaiona kabla mtu mwingine hajaisikia. Ikashuka vizuri, ikafika chini kama urefu wa paa la nyumba. Halafu bila sababu yoyote akaongeza moto, akapanda tena, akakata kushoto akiwa bado chini sana, bawa likalala, ikaanguka katika muhogo wa watu. Haikuwaka. Mimi ndiye nilifika wa kwanza, kwa umri huu nilikimbia na vijana nikawaacha. Nilimtoa kwa mikono yangu. Alikuwa amekwisha kufa. Hakuteseka, hilo najua, nimeona wengi.

Basi ndiyo hiyo habari. Ndege nzima, upepo mzuri, uwanja mtupu. Kinachobaki ni rubani. Mambo ya ndege nayajua, jeshini nilipakia ndege mwaka mzima.

Ni mimi,
Mangeni
Mlinzi wa Uwanja


Malaba
Jumatano, 20 Machi 2024

Kwako Mzee Mangeni,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, nami nakushukuru kwa kitu kimoja kabla ya vyote: ulimtoa mume wangu kwa mikono yako. Jina lake lilikuwa Ochwo. Nakutajia kwa sababu katika barua yako yote umemwita rubani tu.

Kamati ya uchunguzi imetoa ripoti ya kwanza. Inasema ni kosa la rubani: aliacha kutua na kugeuka chini sana, kwa mwendo mdogo, "bila sababu inayojulikana". Chini yake wameandika kwamba mlinzi amethibitisha uwanja ulikuwa mtupu. Ni neno lako, mzee. Hawana shahidi mwingine. Ijumaa tarehe 24 Mei watakaa mara ya mwisho kusikiliza mwenye jambo la kuongeza, kisha wataifunga.

Ochwo alikuwa ameruka miaka kumi na tisa. Pombe hakuwahi kuigusa, kwao Paya ni walokole tangu babu yake. Baba yake, Mzee Ofumbi, rika lako kabisa, alisimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga akasikia kijana nyuma yake anasema, "Huyu ndiye baba wa yule mlevi wa ndege, redio imesema." Alirudi nyumbani na mahindi yake bila kuyasaga.

Sasa nina jambo dogo. Polisi walinipa nakala za picha walizopiga siku ile. Katika moja umesimama karibu na bawa, nadhani ni wewe, mzee mrefu asiye na meno ya mbele chini. Umevaa majani kichwani, mazito, yamezunguka mpaka shingoni, na mkononi una mkuki. Bendera sioni.

Nakuuliza kwa heshima: mlinzi wa uwanja huvaa hivyo kazini?

Wako,
Juliet Awor


Masaba
Jumanne, 2 Aprili 2024

Mama Juliet,

Sasa naelewa watu wa forodha. Hamuachi mzigo bila kuufungua.

Majani ni ya jua. Mwezi wa pili huku jua linapasua kichwa, na kofia yangu ililiwa na mbuzi. Mkuki ni wa nyoka, nimekwisha kukuambia nyoka wa huku wananijua. Bendera niliiweka chini nikamtoe mumeo, au ulitaka nimtoe kwa mkono mmoja? Meno hayo hayakuanguka kwa uzee, yaling'olewa nikiwa kijana kama tulivyofanya Wasamia, na sikutoa machozi, wengine walilia.

Polisi walikuja na magari mawili, wakaniuliza, wakaandika, wakaridhika. Mwenyekiti wa LC, baraza letu la kijiji, aliridhika. Wewe uliyekuwa Malaba unagonga mihuri ndiye hujaridhika.

Mzee Ofumbi nampa pole, mwambie vijana wa mashine ya kusaga hawana adabu hata huku.

Na usifikiri Mangeni ni mtu wa kujificha kwenye majani. Mimi najulikana. Siku hiyohiyo, jioni baada ya kazi, tulikuwa na mazishi ya rafiki yangu Bartholomew, niliyeng'olewa naye meno asubuhi moja, yeye kwanza mimi pili. Walitoka ng'ombe thelathini na wanne kumfukuzia kifo. Nilihesabu. Na aliyekwenda mbele yao alikuwa nani? Mimi. Mzee wa miaka sabini na tisa mbele ya dume la Bartholomew, lile jeusi ambalo vijana wanaliogopa, na halikunipita hata hatua moja. Mazishi yale yatasemwa miaka kumi. Na siku yangu ikifika wameniahidi arobaini.

Kwa hiyo tuache habari ya majani.

Mangeni
Mlinzi wa Uwanja


Malaba
Jumatatu, 15 Aprili 2024

Mzee Mangeni,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara tatu, mara ya nne nikamsomea mwenzangu wa ofisini, Paddy, Msamia wa ng'ambo ya Kenya. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Dada, huyu mzee amejisema mwenyewe. Ng'ombe wa kufukuza kifo hutoka asubuhi, maiti akiwa bado nyumbani, wakapelekwa mpaka mwisho wa shamba lake. Jioni mtu ameshafukiwa, wanafukuza nini?"

Nikamwuliza, "Na wale wanaotangulia ng'ombe huvaa nini?"

Akasema, "Majani. Na mkuki."

Mazishi ya Bartholomew yalitangazwa redioni kuwa ya saa nane mchana. Kwa hiyo ng'ombe walitoka kabla ya hapo. Nikamwuliza Barbara nyumba ya marehemu iko wapi na mpaka wa shamba lake uko wapi. Alipanga samaki wake wote kwanza. Mwishoni akasema, "Ule uwanja ulikatwa katikati ya shamba lake, mama. Nyumba upande huu, mpaka upande ule. Mengine waulize wenyewe."

Basi nakuuliza mwenyewe. Ng'ombe thelathini na wanne walivuka uwanja saa ngapi?

Nitakuambia kwa nini sitaacha, usije ukadhani ni kiburi cha mtu wa ofisini. Asubuhi ile mimi na Ochwo hatukuwa tunasemezana vizuri. Nilikuwa nimechoka na kazi yake, kila jioni nasikiliza angani kama kuku anayeogopa mwewe. Nilimwambia, "Nenda, wewe na ndege yako mmeoana, mimi ni mgeni hapa." Aliondoka bila kunywa chai. Kikombe alikiacha mezani kimejaa.

Ripoti ilipokuja na neno lile, bila sababu inayojulikana, nilifikiri sababu naijua mimi. Mtu anashusha ndege huku kichwa kiko nyumbani kinajibu maneno ya mke wake, mkono unasahau. Watu wa Paya wanasema pombe. Mimi peke yangu nimekuwa nasema ni Juliet. Hili sijamwambia mtu, hata mama yangu.

Kama ni mimi, niambie uwanja ulikuwa mtupu, uape, nami nitanyamaza mpaka kufa. Kama si mimi, mzee, usiniache hivi.

Juliet


Masaba
Jumapili, 28 Aprili 2024

Kwa Baba Mangeni,

Nakuandikia kwa sababu jana nilikuja kwako ukajifanya umelala, na mimi nikiwa mlangoni niliona macho yako.

Nasikia unaandikiana na yule mwanamke wa rubani. Barbara wa samaki anabeba barua, na Barbara hawezi kubeba kitu bila soko zima kujua kina uzito gani.

Baba yangu Bartholomew alizikwa vizuri. Ng'ombe walikwenda, wakafika mpaka, wakarudi kwa njia nyingine kama inavyotakiwa. Unajua watu watasema nini wakisikia lingine? Watasema mzee aliondoka na mtu. Watasema kaburi lile lilichukua mtoto wa watu wa Paya. Nyumba yetu itaogopwa, dada zangu watarudishwa na waume zao, na mama yangu Nasirumbi atazeeka peke yake.

Tulikubaliana palepale kwenye muhogo, damu ikiwa bado mbichi, na wewe ulikuwa wa kwanza kusema "uwanja ulikuwa mtupu". Sikukuwekea maneno mdomoni.

Sikutishi, wewe ni baba. Lakini ukoo umekaa. Ukisema, siku yako ikifika hakuna ng'ombe atakayetoka kwa ajili yako. Si arobaini, hata ndama. Utabebwa na kufukiwa kama mtu aliyeokotwa barabarani.

Ni mimi mwanao,
Bwire


Masaba
Jumatano, 1 Mei 2024

Mama Juliet,

Uwanja ulikuwa mtupu. Usiniandikie tena.

Mangeni


Malaba
Jumatano, 8 Mei 2024

Mzee Mangeni,

Shikamoo. Umenikataza kuandika, naandika mara hii ya mwisho.

Nilikuomba uape. Hukuapa. Barua zako zote ni ndefu, mzee, hii ya mwisho tu ni ya mistari miwili, na chini yake hukuandika Mlinzi wa Uwanja.

Sitakusihi. Tarehe 24 nitakwenda mbele ya kamati na picha yangu moja ya majani. Wataniuliza shahidi yuko wapi, nitasema sina, wataandika walichokwisha kuandika. Mzee Ofumbi anasema tusiende. Anasema, "Mwanangu, wakiifunga ripoti watu watasahau." Lakini yeye mwenyewe siku hizi mahindi yake anatwanga kwa mkono.

Nina swali moja, na unaweza kulijibu hata bila kutaja ng'ombe. Wewe ndiye ulikuwa karibu naye mwishoni. Pale alipoongeza moto na kupanda tena, alikuwa anafanya nini? Alikuwa na akili zake? Alijua anachofanya?

Barbara atapita kwako Jumapili mbili kutoka sasa. Kama huna jibu, mpe mkono mtupu, nitaelewa.

Juliet Awor


Masaba
Jumapili, 19 Mei 2024

Kwa Juliet Awor, na kwa kamati, kwa sababu barua hii utawasomea.

Nimeandika siku nne. Mkono wangu ni mzito na kila nilipoandika neno nilitaka kulifuta. Barbara amekaa hapa nje, anakula muhogo wangu na kuniambia, "Mzee, samaki wanaoza." Mwache aseme.

Siku ile tulipanga ng'ombe watoke saa tatu. Njia yao inavuka uwanja, hakuna nyingine, shamba la Bartholomew linaishia ng'ambo. Nilijua ndege ni saa tano. Nilipiga hesabu yangu: saa tatu watoke, saa nne wawe wamevuka, mimi nirudi kwenye mlingoti, nivue majani, nishike bendera. Hesabu ilikuwa nzuri. Mimi hesabu zangu huwa nzuri.

Lakini Bwire alisema atakwenda mbele ya ng'ombe yeye, ndiye mzaliwa wa kwanza. Mimi nikasema hapana. Rika wa marehemu ndiye anatangulia, na marika wote wamekufa isipokuwa mimi. Akasema, "Baba, umezeeka, dume litakukanyaga mbele ya wageni." Angesema neno lingine lolote ningemwachia. Hilo la kukanyagwa lilinikaa hapa. Nikaketi chini mbele ya zizi, kabisa chini, nikasema basi wanikanyage hapahapa. Wazee wakaja kunibembeleza. Mmoja akasema, "Mangeni, wewe una kazi saa tano." Nikamwambia asinifundishe kazi yangu. Nilikaa pale mpaka Bwire akakubali, na jua lilikuwa limepanda sana. Ng'ombe walitoka karibu saa tano, kwa sababu yangu. Hakuna mwingine wa kulaumu, hata Bwire, ingawa mdomo wake ni mbaya.

Tulikuwa katikati ya uwanja nilipoisikia. Kweli niliisikia kabla ya wengine, hapo sikukudanganya. Nikageuza kichwa nikaiona upande wa Tororo inashuka, imenyooka kama imefungwa kamba.

Sasa sikiliza vizuri, na kamati isikilize. Ningeweza kuwarudisha. Dume jeusi lilikuwa na mimi, ningelipiga puani lingegeuka na wengine wangelifuata. Lakini ng'ombe wa kufukuza kifo hawageuki kabla ya mpaka. Wakigeuka, kinarudi nao nyumbani, na aliyewageuza ndiye kitaanza naye. Tumefundishwa hivyo tangu watoto. Nikasimama. Nikainua mkuki juu kumwambia apite, arudi tena baadaye. Nilifikiri ndege ni kama gari, itazunguka. Miaka thelathini na moja nimeziona zikizunguka, mbuzi mmoja tu akiwa uwanjani zinazunguka.

Naye alizunguka, Juliet. Ndiyo jibu la swali lako. Alituona, akaongeza moto, akapanda. Alipita juu yetu karibu sana mpaka majani yangu yakatoka kichwani, niliyarudisha baadaye kwa haya, ndiyo uliyoyaona katika picha. Nilimwona kupitia kioo. Hakuwa mlevi, hakuwa analala, hakuwa na mawazo ya nyumbani wala ya chai. Macho yake yote yalikuwa kazini. Mtu anayewaza maneno ya mke wake hatazami vile.

Mbele yake, mwisho wa uwanja, wanawake walikuwa wamekusanyika wanaimba kutungoja, zaidi ya sitini, na nyuma yao mikaratusi. Kulia kuna nguzo za umeme. Alikata kushoto. Kama alikata mapema mno au chini mno sijui, mimi si rubani, kule kupakia mizigo hakukunifanya rubani. Wenye vitabu watasema. Lakini wakiandika "bila sababu inayojulikana" watakuwa wanaandika uongo, na uongo huo ni wangu. Sababu inajulikana. Sababu ilikuwa ng'ombe thelathini na wanne na wanawake sitini, na mzee mmoja aliyekataa kupisha.

Neno la mtupu nililisema pale muhogoni kwa hofu. Kwenye redio waliniuliza, "Sasa kwa nini alianguka?" nikaona lazima mlinzi awe na jibu, nikasema alikuwa anacheza. Mtangazaji akasema, "Au alilewa?" nikasema pengine. Sikulifikiria hata kidogo. Lilitoka tu, watu wakalipokea vizuri, nikaona nalo ni langu. Mwambie Mzee Ofumbi kwamba nitakwenda mwenyewe Paya, nisimame kwenye ile foleni ya mashine, niseme kinyume chake kwa sauti ya kambini. Sauti hiyo bado ninayo.

Juzi nilikwenda kwa Nasirumbi, mjane wa Bartholomew. Bwire anasema ataumia, basi nikataka kumwuliza yeye mwenyewe, si kuambiwa na mtoto. Alikuwa anapepeta wimbi. Nikamwambia nataka kusema. Hakuniangalia. Akasema, "Umechelewa."

Nikamwambia, "Watasema mumeo aliondoka na mtu."

Akasema, "Mume wangu ndiye aliyetoa ardhi ndege zitue. Alipenda kuziangalia. Mnamsingizia kwamba angetaka rubani aitwe mlevi ili kaburi lake lisemwe vizuri? Nenda kaandike, Mangeni. Na usiandike maneno mengi ya kujisifu."

Nimejaribu. Lakini dume halikunipita, hilo sitalifuta.

Bwire amekwisha kuniambia siku yangu itakavyokuwa. Ng'ombe arobaini hawapo tena. Usiku wa kwanza niliposikia hivyo nilikasirika, nikakuandikia ile barua ya mistari miwili. Sasa nimezoea kidogo. Kazi ya uwanja pia nimeiacha, kabla hawajaniambia. Bendera nimemwachia mwenyekiti wa LC.

Alhamisi nitakuwa Malaba kabla ya jua kali, na Ijumaa nitasimama mbele ya kamati na wewe. Miguu ninayo. Wakitaka kunifunga wafunge, lakini waniulize kwanza, na waandike.

Wasioniamini wana wa kuwauliza. Nasirumbi alikuwa mbele ya wanawake wale sitini, alimwona akigeuka, naye amesema ataweka kidole kwenye karatasi. Egau, mtu wa kabila la Wateso anayechunga ng'ombe wa marehemu, alikuwa ameshika kamba ya dume jeusi hatua mbili nyuma yangu, na alinipigia kelele nigeuze, nikakataa. Bwire pia aliona, akitaka kusema. Aliyeniona vizuri kuliko wote hawa ni mume wako Ochwo, tulitazamana, na yeye ndiye aliyepisha.

Mangeni